Nyungunyungu wa kihambani, tope la jaruba au minyoo wa Tanga: ukiwa Moshi, ufundishie kipi?

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi minyoo wa baharini wanavyoishi na mashapo ya pwani, yaani mchanga na tope lake, naye yuko Moshi, ana njia tatu. Anaweza kukodi basi na kwenda Tanga. Anaweza kushuka majaruba ya mpunga ya Chekereni na kuchota ndoo ya tope. Au anaweza kuvuka uzio tu, akaazima jembe kwa jirani mwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, akapata nyungunyungu wa kutosha kabla kengele ya kipindi haijagonga. Nimezijaribu zote tatu, nyingine zaidi ya mara moja. Naandika ili wewe unayepanga bajeti ya muhula ujao usianzie pale nilipoanzia mimi.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane mwanafunzi anatakiwa aone nini, maana hapo ndipo uchaguzi wote ulipo.

Chimba tope la pwani maji yakiwa yamekupwa. Juu kabisa utakuta tabaka jembamba la rangi ya udongo wa kawaida, kahawia au kijivu. Chini yake, mara nyingi kabla hujafika hata kina cha kucha, tope linageuka jeusi na kunuka yai viza. Weusi ule ni madini ya chuma na salfa; harufu ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Vyote viwili vinatokea kwa sababu oksijeni haifiki huko. Maji yamejaza kila upenyo, oksijeni hupita ndani ya maji polepole mno, na bakteria wa juu wanaimaliza yote katika milimita chache za kwanza. Wa chini wanalazimika kuishi kwa njia nyingine, na salfaidi ndiyo taka yao.

Sasa anakuja mnyoo. Anafanya kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya, nami nilizichanganya kwa miaka. Ya kwanza ni kuhamisha: anameza mashapo huku, anayatoa kule. Ya pili ni kupiga pampu: anaishi ndani ya shimo lenye maji, na asipoyavuta maji mapya kutoka juu atakufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo anavuta, mchana na usiku kila maji yanapomfunika, na oksijeni anayoishusha kwa ajili yake inavuja kwenye kuta za shimo. Ukikata tope lenye mashimo ya minyoo utaona doa la kutu limezunguka kila shimo kama pete, ndani ya weusi mtupu. Chuma kilekile kilichokuwa cheusi kimepata hewa, kikawa chekundu. Pete hiyo ndiyo ninayotaka kila mwanafunzi aione kwa macho yake angalau mara moja.

Mnyoo aliyechunguzwa kuliko wote kwa kazi hizi ni wa mbali na kwetu. Anaitwa Arenicola marina, anaishi kwenye fukwe za Bahari ya Kaskazini kule Ulaya. Shimo lake lina umbo la herufi J, na yeye anakaa kichwa chini, mkia juu, katika kina cha sentimita 20 hadi 40. Anakula mchanga uliopo mbele ya mdomo wake, na mchanga wa juu unaporomoka kujaza pengo, hivyo juu ya kichwa chake panabaki shimo kama la faneli. Kila baada ya muda anarudi nyuma hadi usawa wa ufuko na kuacha kinyesi chake, kamba ya mchanga iliyojisokota kama tambi. Pampu yake ni mwili wenyewe: mawimbi ya misuli yanatembea kutoka mkiani kwenda kichwani, maji yanaingia kwa nyuma na kusukumwa mbele, kisha yanapanda kupitia kwenye mchanga na kuulegeza.

Kwenye kisiwa cha Sylt, Ujerumani, watafiti walifanya jambo ambalo nalipenda kwa sababu hata mtoto wa darasa la saba analielewa. Walizika wavu wenye matundu madogo sana kwenye kina cha sentimita 10, katika vipande vya ufuko vyenye mita za mraba 400 kila kimoja, ili Arenicola asiweze kuchimba shimo lake hapo. Wakasubiri. Mchanga usio na mnyoo ulianza kujaa chembe laini na mabaki ya viumbe, matundu yake yakaziba, maji yakapita kwa shida, na salfaidi ikaongezeka. Yaani ufuko wa mchanga unabaki wa mchanga kwa sehemu kwa sababu kuna mnyoo anayeusafisha. Mwondoe, unaanza kuelekea kuwa tope.

Kwa hiyo unapochagua mnyoo wa kufundishia, jiulize unataka kuonyesha kuhamisha, au kupiga pampu, au vyote.

Nyungunyungu ndiye rahisi kuliko wote, na kwa kuhamisha hana mpinzani. Ni ndugu wa kweli wa minyoo wa baharini: wote ni Anelida, mwili wa pingili, na vinyweleo ambavyo kwa wa baharini ni vingi na vinaonekana wazi, kwa nyungunyungu ni vichache hadi umpitishe kidoleni ndipo uvihisi vikikwaruza. Wakati wa masika, kuanzia Machi, hata mtoto asiye na jembe atawapata chini ya majani ya migomba yaliyooza. Kiangazi wanashuka chini, lakini kihamba kinachopata maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, hakikosi nyungunyungu mwaka mzima.

Chukua chupa mbili za maji za lita 6, zikate shingo. Panga tabaka za udongo mwekundu, mchanga mweupe na samadi iliyooza, mwagia maji kidogo. Chupa moja weka nyungunyungu wanane, nyingine usiweke kitu. Zifunike zote kwa kitambaa cheusi, kwa sababu wanakimbia mwanga, na wakiona giza watachimba ubavuni mwa chupa ambapo unaweza kuwaona. Baada ya wiki mbili hadi tatu tabaka za chupa ya kwanza zimeingiliana, na ya pili iko kama ulivyoiacha. Usiache ile ya pili. Bila chupa ya kulinganishia, mwanafunzi makini atakuuliza kama si maji tu yaliyochanganya udongo, na atakuwa na haki.

Hapo pia una historia nzuri ya kusimulia. Mwaka 1842 Charles Darwin alitandaza vipande vya chokaa kwenye shamba la majani karibu na nyumba yake Uingereza. Mwaka 1871, miaka 29 baadaye, alichimba mtaro na kukuta mstari mweupe wa chokaa ile ukiwa inchi 7 chini ya ardhi, kama sentimita 18. Hakuna aliyeuzika. Nyungunyungu walikuwa wamepandisha udongo wa chini, kinyesi kwa kinyesi, hadi chokaa ikafunikwa. Alichapisha kazi yake juu ya nyungunyungu mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, na ndani yake alikadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo hupita matumboni mwao kila mwaka kwa kila eka.

Lakini nyungunyungu anadanganya kuhusu pampu. Udongo wa kihamba una hewa tayari. Yeye anapumua kwa ngozi yake yenye unyevu, na shimo lake linaingiza hewa bila yeye kufanya kazi. Mwanafunzi aliyesoma kwa nyungunyungu peke yake, ukimuuliza mtihani kuhusu pwani, ataandika kwamba minyoo “huingiza hewa kwenye mchanga”, kana kwamba ni jembe. Nimesahihisha majibu kama hayo mengi, na kosa halikuwa lake. Nilimwonyesha kiumbe asiyehitaji kufanya lile jambo kubwa kuliko yote.

Njia ya pili wengi hawaifikirii, nami niliifikia kwa bahati. Nilikwenda Chekereni kwa shughuli za familia, msimu mpunga ukiwa umeshika, na mama mmoja aliyekuwa anapalilia alining’olea shina moja anionyeshe mizizi. “Hii ina kutu, mwalimu, umeiona?” Tope lilikuwa jeusi, likinuka ile harufu ninayoijua ya pwani, na kila mzizi ulikuwa umevaa ala ya rangi ya chungwa. Nilikaa kwenye tuta pale nikiushika mzizi ule kwa muda mrefu.

Ni pete ileile. Mpunga unashusha oksijeni kutoka majanini kupitia njia za hewa zilizo ndani ya shina na mizizi, sehemu yake inavuja kwenye tope, na chuma kilichoyeyuka kinapata kutu pale pale kinapokutana nayo. Pwani anayeshusha oksijeni ni mnyoo; jarubani ni mmea. Tope halijui tofauti. Tena jaruba lina minyoo wake. Matope ya maji baridi duniani kote hukaliwa na minyoo wembamba wekundu wa jamii ya Tubifex, nao wanakaa kama Arenicola, kichwa chini wakila tope, mkia juu ndani ya maji ukichezacheza kutafuta oksijeni. Wekundu wao ni himoglobini, kama damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi mahali penye oksijeni haba.

Weka tope hilo kwenye chupa pana ya kioo, lijaze hadi nusu, ongeza maji taratibu yasilivuruge, kisha liache siku mbili litulie. Saga kipande cha tofali, nyunyizia unga wake juu ya tope upate mstari mwekundu mwembamba. Minyoo ikiwa mingi, mstari huo utazama. Kwenye chupa yetu ulishuka kama upana wa kidole, na juu yake likawa limetandazwa tope jipya lililotoka chini. Ni chokaa ya Darwin, ila hapa hungoji miaka 29. Ukiwasha tochi kwa pembeni utaona mikia ikiyumba kama nyasi, na ukigonga meza inatoweka yote kwa mara moja. Darasa zima lilinyamaza tulipogonga mara ya kwanza.

Tahadhari moja, na usiipuuze: maji ya jaruba yanaweza kuwa na kichocho. Mwanafunzi asiingie pekupeku. Mwenye mabuti na glavu ndefu ndiye anayechota, wengine wanabaki kwenye tuta. Mtaro wa maji machafu mjini, ingawa una minyoo wekundu tele, usimpeleke mtoto yeyote huko.

Kasoro ya jaruba ni kwamba si bahari. Hakuna chumvi, hakuna kupwa na kujaa, na minyoo wake ni wa namna moja. Hapa ndipo Tanga inapodai nauli yake.

Kutoka Moshi ni kama kilomita 350 kupitia Same na Segera, kwa hiyo safari ya siku moja ni kuwachosha watoto bure. Lala usiku mmoja. Tarehe usiipange kwa kalenda ya shule, ipange kwa mwezi. Unahitaji bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali kabisa. Maji mafu, yanayokupwa kidogo tu, hayatakufunulia kitu. Na kwa bahati njema pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo watoto wanakunywa chai, wanashuka ufukoni saa tatu, na wana saa mbili za kazi kabla maji hayajarudi. Omba ruhusa mapema. Sehemu ya pwani ya Tanga imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki wa jamii ya kale sana, na huendi kuchimba hifadhini kwa sababu tu umevaa beji ya mwalimu.

Mara ya kwanza tulipofika, nilimwamkia mzee aliyekuwa anarudi kutoka kwenye mtego wake. “Marahaba, mwanangu,” akasema, kisha akaangalia majembe yetu. “Mnachimba chambo?” Nikamweleza. Akatuongoza hadi ukingoni mwa mikoko, akatuonyesha pa kuchimba, na kabla hajaondoka akasema neno moja tu: “Shimo lirudishieni.” Nimelishika tangu siku hiyo. Shimo lililoachwa wazi linageuka dimbwi, na lundo la tope jeusi lililotupwa pembeni linawafunika viumbe wadogo waliokuwa wakiishi juu. Kila kundi langu sasa linachimba shimo moja, upana wa koleo moja, na linalifukia kabla ya kuondoka.

Katika shimo lile moja unaweza kuona tofauti ambazo Moshi hazipo. Kuna minyoo wanaotangatanga wakichimba vichochoro vyenye matawi, kuta zikiwa zimepakwa ute. Kuna wanaojenga mrija wa mchanga na vipande vya makombe, wengine wakiupamba mdomo wa mrija kama mlango wa nyumba. Hawa wa mrija wanafanya kinyume cha Arenicola: mirija ikisongamana, mchanga unashikamana na maji yanapungua kasi juu yake. Kwa hiyo sentensi ya kitabuni kwamba minyoo “hulegeza mashapo” ni nusu tu ya habari. Wengine wanalegeza, wengine wanafunga, na ufuko mmoja una wote. Spishi za minyoo hawa wa vinyweleo vingi ni zaidi ya 10,000, tusitegemee wafanye kazi moja.

Angalizo kwa mwalimu: usiite kila rundo kazi ya Anelida. Kilima chenye tundu juu, kama Kibo na kreta yake, mara nyingi ni cha kamba wa baharini wachimbao mashimo. Hata ile kamba ya mchanga iliyojisokota, kwenye fukwe za joto inaweza kuwa ya kiumbe mwingine kabisa, mwenye mwili laini usio na vinyweleo wala pingili, ambaye ukoo wake uko karibu zaidi na sisi wenye uti wa mgongo kuliko na nyungunyungu. Chimba, mtazame, ndipo uandike.

Na usibebe minyoo kuja nayo Moshi. Mwaka wa kwanza nilibeba kumi na mmoja kwenye ndoo yenye mfuniko, maji ya bahari na tope kidogo, nikiamini tutawaweka maabara. Tulipofungua ndoo Same, jua likiwa kali, maji yalikuwa ya vuguvugu na yananuka. Wote walikuwa wamekufa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, mnyoo aliyetolewa shimoni hana cha kupigia pampu, na mmoja aliyejeruhiwa na koleo anatosha kuwachafulia wenzake. Nililazimika kuwaeleza wanafunzi kwamba lile lilikuwa kosa langu. Siku hizi tunabeba picha, michoro, na kipande cha tope chenye pete ya kutu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Pete hudumu siku mbili tatu kabla tope halijabadilika rangi, hivyo ichore mapema.

Kuna jambo moja lisilohitaji kuchagua, kwa sababu linafanyika jikoni. Mwaka 2005 kundi la watafiti wakiongozwa na Kelly Dorgan lilionyesha kwamba mnyoo wa jamii ya Nereis, katika tope, hachimbi kama anayepiga koleo. Tope laini lina unyumbufu kama jelatini, na mnyoo anafungua ufa: anatoa koromeo lake nje likavimba, linapanua ufa kama kabari, na ufa unakimbia mbele yake. Waliliona hilo kwa kumweka ndani ya jelatini angavu iliyopikwa kwa maji ya bahari. Wewe pika jelatini isiyo na rangi kwenye glasi, iache igande, kisha ingiza ncha bapa ya kisu polepole. Ufa utatangulia kabla ya kisu kufika. Rudia kwenye glasi ya mchanga mkavu, hakuna ufa. Chembe zinasogea tu. Dakika kumi, na mwanafunzi ameelewa kwa nini maisha ya tope si maisha ya mchanga.

Basi, kama una muhula mmoja na hela kidogo, chagua jaruba, uliongezee chupa mbili za nyungunyungu. Najua wengi wanaanza na nyungunyungu na kuishia hapo. Mimi nasema kama ni kimoja tu, acha nyungunyungu na ubaki na tope jeusi, kwa sababu pete ya kutu inabeba somo zima la pwani na chupa ya nyungunyungu hailibebi. Kama shule ina uwezo wa basi, Tanga ije mwisho, baada ya majaruba, ili watoto wakifika ufukoni wajue wanatafuta nini. Kundi nililolipeleka bila maandalizi liliokota makombe. Kundi lililotangulia Chekereni, msichana mmoja alipasua bonge la tope kwa mikono yake, akaligeuza kwenye mwanga, na kuita wenzake kabla hajaniita mimi.

Angalia kalenda ya mwezi leo. Bamvua ikiangukia Jumamosi, basi liondoke Moshi Ijumaa asubuhi.